Sufuria ya Mansaf

Mzee Shihada alikuwa amenuna tangu alfajiri, na hapa Salt, mji wetu wa Jordan, mzee akinuna siku ya harusi, hata pilau hailiki. Mjukuu wake Ghalib alikuwa anaoa. Desturi ni wanaume kumwogesha bwana harusi kwa nyimbo, na kata ya kwanza ya maji humwagwa na mzee wa familia. Bafu lilikuwa tayari ghorofa ya juu, kwenye makao mapya ya maharusi. Lakini Intisar, mkwewe, mama yake Ghalib, alikuwa ameziba ngazi.

"Huko hupandi, baba. Umesahau mwaka jana?"

Nani angesahau? Makao yale yalikuwa yamefungwa kwa miezi, maji yamelala mabombani, vuguvugu, bakteria wanazaliana humo raha mustarehe. Mzee akaenda kuoga. Bomba la mvua likamrushia matone laini, akayavuta na pumzi hadi mapafuni, akalazwa hospitali mpaka watu wakaanza kunong'ona habari za kaburi.

"Vijidudu visivyoonekana vininyime haki yangu!" alifoka. "Baba yake Ghalib nilimwogesha mimi!"

"Ulimwogesha uani, kwa maji ya kuchemsha."

Intisar akaelekeza mkono uani. Mzee akamkodolea macho.

"Basi leteni sufuria uani, wanangu!"

Sufuria kubwa ilikuwa moja tu, na asubuhi ile ile ilikuwa imepikiwa nyama ya mansaf, ule wali wa harusi wa kondoo na samli. Wakaisugua harakaharaka, wakachemsha maji yakatokota, yakaachwa yapoe. Ghalib akakalishwa kigodani na kaptura yake, huku wanawake wakipiga vigelegele madirishani.

"Msugue masikio, mzee!" jirani mmoja alipaza sauti. "Atatakiwa kusikia akitumwa!"

Mzee akamwaga kata ya kwanza, akaimba. Intisar alikisubiri kile kikohozi cha mzee alichokizoea tangu ugonjwa ule. Hakikuja. Wimbo ukaisha, mzee akadaka mwingine, na Intisar akalia kwa furaha bila kujificha.

Jioni, Rahaf, bibi harusi, aliketi kando ya mumewe. Akanusa. Akanusa tena.

"We Ghalib! Mbona unanuka samli na kondoo?"

Ghalib alitamani ardhi ipasuke. Mzee Shihada akainama katikati yao, uso unamng'aa.

"Hivyo ndivyo anavyonukia mtu aliyeogeshwa na babu yake, mwanangu. Na babu mwenyewe yu hai."

Rahaf akamsogelea mumewe, akamnusa mara ya tatu, taratibu.