Daftari la Pili Jukwaani

Keziah Tranter aliununua wimbo wa "Mama Mkwe Kaja na Kitanda" kwa mtunzi mmoja mlevi wa mtaa wa Bermondsey, akamlipa koti la marehemu baba yake. Wimbo huo ulitulisha miaka thelathini na moja, yeye akiimba na mimi, Hester Pym, nikimvisha. Alijitokeza jukwaani na godoro mgongoni, kofia imepinda, na kabla hajafungua mdomo watu wa roshani ya juu walikuwa hoi kwa kicheko. Wauza samaki, wapakuzi wa gatini, wanawake wa kiwanda cha vibiriti, wote walikuwa watu wake. Alikuwa mbishi, na alivuta sigara kitandani mpaka akatoboa shuka zangu, lakini nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu, na sioni haya kusema.

Kisha maneno yakaanza kumtoroka. Kwanza alisahau jina la paka wetu, tukacheka. Halafu, wiki mbili mfululizo, alikwama katikati ya ubeti wa pili, akabaki ameduwaa kama mtu aliyeingia chumbani asijue amefuata nini. Mara ya pili ganda la chungwa lilimpata shavuni. Bwana Oakshott, meneja wetu, akanivuta pembeni.

"Hester, bibi yule nampenda. Lakini akikwama tena Jumatatu, basi. Jina lake nalitoa kwenye mabango ya ukutani."

"Mwambie mwenyewe."

"Nani, mimi? Aniue? Nina watoto wananitegemea, mama!"

Sasa, ukumbini kwetu kila Jumatatu asubuhi wasanii huleta madaftari yao ya muziki na kuyapanga sakafuni, ukingoni mwa jukwaa. Aliyetangulia ndiye anayefanya mazoezi na bendi kwanza. Wawili wakija na wimbo mmoja, wa mbele anauimba wiki nzima, wa nyuma afunge mdomo, hata kama wimbo ni wake. Daftari la Keziah lilikuwa la kwanza siku zote, maana nililipeleka mimi.

Wiki ile alikuwa anakuja Rhoda Stobbs, binti wa mji wa Leeds aliyejua kuiga waimbaji maarufu, na nilijua Keziah hakosi kuigwa, kwa wimbo wake uleule. Basi Jumatatu ile nikatembea polepole. Nikasimama kununua bakuli la mikunga, samaki wa kuchemsha wenye siki, nami njaa sina, nikala mpaka mchuzi. Niliona afadhali anyimwe wimbo kwa sheria kuliko kuadhirika tena mbele ya watu wake. Nilipofika, daftari la Rhoda lilikuwa la kwanza.

Keziah alikuja saa moja baadaye. Akayatazama madaftari mawili, kisha akanitazama mimi.

"Magoti yamenichelewesha," nikasema.

"Pole," akajibu.

Rhoda alikuwa karibu kulia. "Mama, wimbo nauacha. Sikujua nitakutangulia."

"We mtoto, acha daftari lako palepale. Hata mimi niliwahi kumtangulia mtu."

Onyesho la kwanza la jioni, Rhoda aliuimba vizuri, akashangiliwa. Zamu ya Keziah ilipofika, kiongozi wa bendi akamuuliza apige nini.

"Pumzisha mkono, baba."

Akaingia jukwaani na godoro lake. Nikalishika pazia nikimwomba Mungu. Keziah akasimama katikati, akaonyesha mdomo wake, akatikisa kichwa.

"Imba, Kezzie!"

"Siruhusiwi, wapenzi wangu. Kuna mtoto kaamka mapema kuliko mimi."

Kisha muuza samaki mmoja akapaza sauti kutoka juu kabisa: "Na sisi je, tumekatazwa?"

Watu wote wakauanza wimbo wenyewe, bila bendi. Ubeti wa pili ulipofika nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Keziah alikuwa anatandika godoro, anavua viatu vya mama mkwe, anajilaza kati ya bibi na bwana wa wimboni, kila kitu nyuma kidogo ya maneno yao, kama anayepewa habari mpya. Walipofikia mahali mama mkwe anapokoroma, alicheka mpaka akashika mbavu. Watu wakadhani ni ufundi. Mimi nilijua alicheka kweli, maana kichekesho alikuwa amekisahau.

Chumbani nyuma ya jukwaa nikaanza kumfungua kamba za gauni.

"Hester, mikunga ilikuwa mitamu?"

"Mikunga gani?"

"Unanuka siki tangu asubuhi, shoga."

Nikalia, sikujizuia. "Niliogopa, Kezzie."

"Najua ulichoogopa. Mimi nimekiogopa tangu majira ya kuchipua." Akanifuta uso kwa upindo wa gauni lake, rangi ya jukwaani ikanipaka kote. "Huyu Rhoda yupo mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi."

Akawaza kidogo, akivuta sigara yake.

"Basi kila Jumatatu nunua mabakuli mawili," akasema. "Tuchelewe pamoja."