Mkoivu Wangu Haung'oki

Katika bustani zote za ushirika wetu, hakuna anayejua miti kunishinda mimi, Hilkka. Ukweli nimepanda mmoja tu maishani, na mwaka wa kwanza watu walinipa pole, wakidhani nimeupanda kichwa chini miguu juu.

Ni mkoivu, mti wa kwetu kaskazini kwenye baridi, ila huu ni wa mapambo. Gome jeupe kama karatasi, matawi yameinama hadi chini kama mfiwa, na kila jani limechanika kama vidole. Mikoivu ya msituni haiko hivyo, majani yake ni mazima. Niliupanda mwaka niliomzika mume wangu Veikko, na sasa jirani yangu Kalervo alitaka ukatwe.

"Unavitia kivuli viazi vyangu," alisema kikaoni. "Na hauna faida. Hata fagio la matawi la kujichapia kwenye mvuke wa sauna hautoi! Mwanamume gani atajichapa mgongo kwa majani ya matanga?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, Bi Tuulikki, akasema kura itapigwa baada ya sikukuu ya kati ya kiangazi.

"Pigeni," nikasema. "Ila mwenye msumeno aanze na miguu yangu, maana nitakuwa nimeukumbatia. Na goti la kushoto lina chuma ndani, litang'oa meno ya msumeno."

Mkesha wa sikukuu nilikwenda kuumwagilia maji, nikakuta upande unaoelekea kwa Kalervo umenyolewa upara. Nikajifunga kitambaa changu cha sikukuu, nikaenda kwenye sauna yetu ya pamoja, nikaketi nje kando ya Bi Tuulikki. Nikala soseji yangu taratibu, nikingoja zamu ya wanaume iishe.

Kalervo akatoka na taulo kiunoni, mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Ah! Fagio la leo, Bi Mwenyekiti, sijapata kuona! Laini, halikwaruzi!"

"Hongera, jirani," nikasema. "Umelikata wapi?"

"Msituni, ng'ambo ya ziwa. Nimepiga makasia saa nzima."

"Masikini, mgongo umechoka. Hebu geuka nikukande."

Akageuka, mjinga wa watu. Nikabandua jani lililonata katikati ya mabega, nikaliweka kiganjani mwa Bi Tuulikki. Vidole vyote vya jani vimetanuka, kama linamsalimu.

Bi Tuulikki akalitazama jani, akamtazama yeye. "Kalervo, msitu gani huo?"

"Upepo," akasema, akiikaza taulo. "Labda upepo... uliupeleka mti kule, kisha ukaurudisha."