Mlango Ulio Nyuma ya Mkono

Uliangalia pembeni. Usibishe, nilikuona. Niliibandika ile picha ukutani, nje ya duka langu, kubwa kama ramani ya darasani, mnyororo ukiwa katikati kabisa na kila kiungo chake kikihesabika. Ukaja na mfuko wako wa nyanya mkononi, ukainamisha kichwa, na macho yako yakateleza juu ya mnyororo kama mtu anayepita kwenye utelezi, yakashuka hadi kona ya kushoto, kwenye mkono wa mke wangu. Hapo ndipo yalipotua. Ukatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliyepewa siri bure, kisha ukaingia ndani ukapigwa picha za kitambulisho ukaenda zako.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Si kweli. Mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa, tena ashikwe kichwa ageuzwe.

Mtaani mliniita Kipaza, kwa sababu ya sauti yangu. Kabla ya kuwa mtu wa picha nilikuwa mpakiaji katika kile kiwanda cha mashati, nikafukuzwa kwa kuuliza kwa nini wanawake wa cherehani wote wanywe maji kwa kikombe kimoja. Mke wangu akabaki, maana mmoja wetu ilibidi abaki. Mimi nikaokota kompyuta iliyotupwa na shule, nikaifufua, nikajifundisha picha peke yangu: kuziba nyufa za picha za zamani, kuwafumbua macho waliofumba, kuwarudisha marehemu walioliwa na unyevu. Chuo changu kilikuwa kiti cha plastiki, na mwalimu wangu alikuwa makosa yangu mwenyewe.

Kiwanda kiliungua siku ya kazi, mchana kweupe. Hilo mnalikumbuka, maana mlisimama barabarani mkashika vichwa. Walikufa watu kumi na wawili. Mke wangu alikutwa nyuma ya mlango wa nyuma, upande wa ndani, na kando yake alikutwa mtunza stoo. Wenye kiwanda wakasema mlango ule haukuwahi kufungwa hata siku moja, ni watu tu walipagawa kwa moshi wakashindwa kuusukuma. Tulipotaka kuuona mlango wenyewe, ulikuwa umeshabebwa na lori la vifusi. Ikabaki neno lao na neno la wafu, na wafu, mnawajua, hawaitwi kutoa ushahidi.

Ndipo akaja binti mmoja wa kufungasha, aliyenusurika kwa sababu siku ile aliugua jino. Alikuwa na simu, na ndani ya simu picha aliyojipiga na rafiki yake wakati wa mapumziko, siku chache kabla ya moto. Rafiki ameungua, yeye anataka kumbukumbu. Wasichana wawili wanacheka kando ya dirisha, nyuso zao zinang'aa kama sahani zilizooshwa sasa hivi. Nyuma yao ni giza tupu.

"Huko nyuma ndiko kulikuwa na mlango," alisema, akigusa weusi ule kwa ukucha.

Watu hudhani giza la picha ni utupu. Si utupu. Kwa kompyuta, picha ni shamba la nukta, na kila nukta ina namba: sifuri ni weusi wa masizi, mia mbili hamsini na tano ni weupe wa chokaa. Katika picha ile wasichana walikuwa wamejitwalia weupe wote, na ujia mzima nyuma yao ulikuwa umesongamana chini kabisa, kwenye namba ndogo ndogo, kama watu waliobanwa kwenye chumba kimoja. Jicho haliwezi kutofautisha saba na kumi na mbili, lakini tofauti ipo, imebanwa tu. Kazi yangu ilikuwa kuchora mstari uliopinda, mstari unaoziamuru namba ndogo zipanuke zipate nafasi, na zile kubwa zisogeesogee huko juu zizipishe. Ndiyo siasa niliyoihubiri maisha yangu yote, na kompyuta iliitekeleza bila kuitisha mkutano.

Nikaupindisha mstari. Ukatokea ukuta. Ukatokea mlango. Kisha, umezungushwa mara mbili kwenye vishikio, ukatokea mnyororo, na kufuli lenye ukubwa wa ngumi. Binti wa kufungasha alikaa chini sakafuni. Mimi nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilitaka kupiga kelele za furaha.

Ndipo, kwa mstari uleule, bila kuombwa, na kona ya kushoto ikapanda.

Ulikuwa mkono wa mwanamke juu ya mkono wa mwanamume. Mwanamume alikuwa na shada la funguo kiunoni, na katika kiwanda kizima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, mtunza stoo. Mwanamke alikuwa amefungwa kitambaa kwenye kidole cha shahada, kitambaa cheupe chenye mistari, na kitambaa kile nilikijua kwa sababu nilikifunga mimi. Sindano ya cherehani ilikuwa imempenya. Asubuhi, kabla hajatoka, nilikata kipande cha shati langu kuukuu nikamzungushia, naye akacheka: "Wewe Kipaza, unafunga kidole au unafunga furushi?" Akatoka na kitambaa changu kidoleni. Jioni akarudi nacho. Katikati ya asubuhi na jioni kilikuwa hapo, juu ya mkono wa mtu mwingine.

Nyuso zao hazikutokea. Zilikuwa sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa lolote inabaki sifuri.

Basi nikaanza kuuchuja ule mkono. Chujio, kama hujui, ni kidirisha cha nukta tisa kinachotembea juu ya picha, na kila kinaposimama kinamuuliza wa katikati: majirani zako wakoje? Nilipotumia la kulainisha, linalompa kila mmoja wastani wa majirani zake, mkono ule ulitulia kama mkono uliowekwa mezani, mkono usio na maana yoyote. Nilipotumia lile linalowapanga majirani foleni kutoka mweusi hadi mweupe na kumchukua wa katikati, vidole viliyeyuka kwenye mkono wa shati la yule bwana, pakawa hapana mkono kabisa, na mke wangu akawa mwanamke aliyesimama karibu na mtu. Nilipotumia la kunoa, linalochukua tofauti ya kila nukta na majirani zake na kuikuza, vidole vilikaza. Nikanoa tena, kidole gumba kikapinda. Nikanoa tena, nikaona kinapapasa.

Kila chujio lilinipa mke mwingine. Nilijua vizuri kwamba la kunoa linanoa na chenga vilevile, zile nukta chafu za gizani, linachora kingo mahali pasipo na kitu. Nimewaambia wateja wangapi hivyo? Lakini siku zile kipanya hakikushikwa na mimi, kilishikwa na wivu, na wivu hauna kazi nyingine zaidi ya kunoa. Wateja walikaa kwenye benchi wakingoja picha zao. Mmoja akauliza kama Kipaza leo betri zimekwisha. Nilikuwa nikimkumbuka mke wangu akinisimulia habari za kiwandani wakati wa chakula, na jinsi alivyomtaja yule mtunza stoo mara mbili, labda tatu, kwa kicheko. Alisema ni mtu wa mizaha. Mimi nilijiona ndiye mtu wa mizaha. Na kilichoniuma kupita vyote sikukisema kwa mtu: kama ni kushikana walishikana mwishoni pia, kwenye moshi, na mimi sikuwepo. Nilimwonea wivu mtu aliyeungua.

Tume ya uchunguzi ilikuwa imeshaundwa. Karani wake alinipa masharti: picha ya asili iletwe pamoja na iliyosafishwa, na lolote lililofanyika lifanyike kwa picha nzima, sawasawa, si kipande hapa kipande pale. Ukigusa kona moja, umeghushi yote. Kwa hiyo sikuweza kuuinua mnyororo nikauacha mkono gizani, maana mstari ulikuwa mmoja. Ama watu wote waone vyote viwili, ama hakuna wa kuona chochote, na ibaki kwamba mlango ulikuwa wazi, na mke wangu abaki mjinga aliyeshindwa kusukuma mlango.

Kisha akaja mjane wa mtunza stoo. Binti wa kufungasha alikuwa amemwambia.

"Nionyeshe, shemeji," alisema.

Shemeji. Neno lile lilinichoma, kana kwamba mimi na marehemu wake tulikuwa ndugu. Nilimfungulia picha iliyoinuliwa kwa mstari tu, isiyopitia chujio lolote. Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama kona, akatazama mlango, akarudi kwenye kona.

"Mimi hakuniacha nimshike hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa," akasema.

Nikamwambia kwamba naweza kuififisha kona ile, kwa ajili ya watoto wake. Yeye akanitazama kama mtu anayemtazama muuza samaki waliooza.

"Kwa ajili ya watoto wangu au kwa ajili yako?" Akavuta kanga yake begani. "Wivu ninao hata mimi, shemeji, tena wangu nimekuja nao kwa miguu. Lakini ufunguo wa kufuli hilo alitembea nao msimamizi, mfukoni mwa suruali. Mume wangu alikuwa na funguo za nyuzi na vifungo. Peleka picha. Ipeleke yote."

Nikaipeleka yote.

Ukumbi wa tume ulikuwa na feni moja na viti vichache, ninyi wengine mkasimama. Picha ikatupwa ukutani kwa mashine. Nilieleza mstari, nikaeleza namba, nikaonyesha kwamba kila nukta imetendewa sawa na mwenzake. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, alielewa. Nikadhani sasa wakili wa kampuni ataukana mnyororo, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kama ng'ombe aliyeinamisha pembe. Hakuugusa. Alisimama polepole, akanyoosha kalamu kwenye kona ya kushoto.

"Mzee, huyu mwanamke ni nani yako?"

"Mke wangu."

"Na huyu mwanamume ni nani yako?"

Hukucheka kwa sauti, najua. Ulicheka puani, kama wenzako. Lakini pua ishirini zikicheka pamoja ukumbi husikia. Wakili akasema basi, ametosheka, akakaa.

Binti wa kufungasha alijaribu. Alisema wanawake walikuwa wakimwomba mtunza stoo kila siku awasemee kwa msimamizi ule mlango ufunguliwe, joto lilikuwa linawaua, na huenda siku ile mke wangu alikuwa akimwomba, amemshika mkono wa kumsihi. Aliongea vizuri. Hakuna aliyeandika. Mnyororo ulikuwa bado ukutani, juu ya vichwa vyetu sote, mkubwa kuliko mlango wenyewe, na hakuna jicho lililoinuka.

Ripoti ilipotoka ilisema wawili hao hawakuwa kwenye sehemu zao za kazi. Ilisema mtunza stoo alikuwa mtu wa funguo. Msimamizi hakutajwa. Dada yangu mkubwa, anayenipenda kwa njia yake, alikuja na chakula akakaa mlangoni akasema, "Mdogo wangu, si ungeiacha tu gizani?" Wiki ile mke wangu, aliyekufa akigonga mlango, alikufa mara ya pili midomoni mwenu. Nukta katika chujio haina rangi yake, majirani ndio wanaoiamulia. Na majirani walikuwa ninyi.

Yale maelezo ya binti ningependa kuyaamini. Kuna siku nayaamini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Adhuhuri wateja hupungua, nami huifungua picha, nikaukuza ule mkono mpaka unakuwa vibanda vya kijivu visivyo mkono wala kitu, nikatafuta ndani yake kama ni kusihi au ni kingine. Bado namwonea wivu yule bwana. Nitamwonea mpaka nife, hiyo ni mali yangu na simwombi mtu anisaidie kuibeba. Lakini wivu ni wangu, si wako. Wewe ulikuwa na nini na mkono ule?

Sasa sikiliza. Kiwanda kimefunguliwa tena, kina bango jipya na mlango wa nyuma wa buluu. Mjane wa mtunza stoo alipita nyuma yake juzi akaja dukani bila kusalimu. "Ni mpya," alisema, "huu unang'aa, na kufuli lake pia." Sikuhitaji kuinua giza lolote kumwelewa. Binti yake mkubwa anashona humo.

Kwa hiyo acha kusoma. Popote ulipo, kiwandani, dukani, ofisini, bwenini kwa mwanao, ondoka kwenye kiti uende mpaka mlango wa nyuma. Usiutazame, kutazama umeshatuonyesha unavyokujua. Weka viganja vyote viwili uusukume. Ukifunguka, rudi ukae. Usipofunguka, piga kelele hapohapo, mchana huuhuu, mpaka mwenye ufunguo aje, na akija usiondoke mpaka umeuona mnyororo umelala chini. Kisha njoo dukani, tutaongea habari za mkono.