Nyoka Namba 412

Fundi bomba hakubisha hodi. Aliupiga mlango wa kioo kwa spana ya mabomba, ile ndefu kama mkono wa mtu mzima, na vioo vikatumwagikia mezani tukiwa tunakunywa chai ya saa nne. Mlinzi alikuwa nyuma yake, pua inachuruzika damu, akimvuta shati. Spana ikageuka ikamwingia mbavuni. Mlinzi akakaa chini ukutani, akabaki hapo hapo.

"Nani kaandika huyu nyoka?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na karatasi iliyochapwa, nembo yetu ikiwa juu yake. Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Nikaiona namba, 412. Nyoka huyo nilimwandika mimi.

Kazi yetu ilikuwa kutunza kanzidata ya nyoka: picha zao, mahali wanapoishi, sumu yao, na dawa ya kumpa aliyeumwa. Kwa miaka sita ilikuwa bure, wafadhili wakilipa. Wafadhili walipochoka, Mkurugenzi akatangaza ada ya mwaka kwa kila hospitali na chuo. "Mkono mtupu haulambwi," alisema kikaoni, nasi tukapiga makofi, maana mishahara ilikuwa imekwama miezi mitatu. Mimi nilipiga kuliko wote. Hospitali kubwa zikalipa. Zahanati ndogo zikanyamaza, kumbe zinanunua nakala za wizi kwenye flashi kwa bei ya soda mbili.

Mkurugenzi alipogundua, akataka chambo. Ni ujanja wa watu wanaotunza orodha kubwa: unachomeka kitu cha uongo kwenye mali yako, na siku ukikikuta kwa mwenzako unajua kakuibia. Waliolipa wasingeuona ukurasa huo kamwe. Ungemwendea tu yule anayezoa kanzidata nzima kwa mkupuo. Kazi ya kumtunga nyoka nikapewa mimi, na nikamtunga kwa raha zangu: wa kahawia, ana mstari mweupe shingoni, hupenda ubaridi chini ya matangi ya maji. Nilipofika kwenye sumu, nikasita. Nikiandika ni kali, mtu atamaliza dawa ya bei mbaya kwa nyoka asiyekuwepo. Kwa hiyo nikaandika: hana sumu, osha jeraha, mpe mgonjwa dawa ya maumivu, aende nyumbani. Nilijiona mwenye huruma, mjinga mimi.

"Mke wangu aliumwa Jumatatu, anachota maji," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. "Nyoka tulimuua, tukaenda naye zahanati kwenye ndoo. Muuguzi akatazama kwenye kompyuta, akasema huyu hapa, hana neno, rudini nyumbani. Jumanne mke wangu anatema damu. Namfikisha hospitali kubwa, daktari anamtafuta huyu mia nne kumi na mbili kwenye kompyuta yake, ananiambia hayupo. Hayupo duniani! Nimemzika jana. Sasa namtaka aliyemuumba."

Mkurugenzi alikuwa ameshaingia chini ya meza na tai yake. Kutoka huko kikatoka kidole.

"Mimi hayo siyajui, ndugu yangu! Mambo ya kompyuta yote ni ya huyo kijana!"

Kidole kilimwonyesha Waya. Waya ni mdogo wangu, tumbo moja, aliyenifuata mimi. Kazi yake ilikuwa kuangalia seva, ile kompyuta kubwa ya pembeni iliyobeba kanzidata yote, na kazi hiyo nilimtafutia mimi. Alijua vizuri nani kamwandika 412. Siku ile nilimsomea, akacheka mpaka akashika mbavu: "Dada, hupenda ubaridi, hana madhara kwa mtu! Si umemwandika shemeji huyu?"

Alinitazama mara moja tu, akasimama.

"Kompyuta ni zangu, kaka," alimwambia fundi.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Nilisikia mfupa ukikatika, sauti kavu. Nikajiambia polisi watakuwa njiani, mtu wa chini lazima kashapiga simu, ngoja kidogo.

La pili lilimpata gotini, akaanguka kwenye vioo. Nikawafikiria wanangu wawili na huyo baba yao asiye na kazi. Nikisema, ataniua, na nani atawalisha? Ndivyo nilivyofikiri. Mdogo wangu anagaagaa kwenye damu yake, mimi nahesabu midomo ya kulisha. Wenzangu watatu walikuwa wamejibana kwenye kabati la mafaili, na wote walikuwa wananiangalia mimi. Walijua.

La tatu lilimpata usoni.

"Ni mimi!" Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Mwache! Ni mimi nimemwandika! Huyo hajawahi kuandika nyoka hata mmoja!"

Fundi aligeuka, akanipima juu mpaka chini. Nadhani hakutegemea mama mwenye miwani na kikombe cha chai mkononi. Kisha akainyanyua spana. Nikakinga kwa mkono wa kulia, kiwiko kikasalimika lakini kifundo cha mkono kikalegea na vidole vikaning'inia. Akanyanyua tena. Nikafumba macho.

"Mfute," alisema.

Nikafumbua. Spana ilikuwa bado hewani.

"Mfute sasa hivi, nikiona."

Niliketi kwenye kompyuta na kubonyeza kwa mkono wa kushoto, polepole, damu ya Waya ikiwa chini ya viatu vyangu. Ukurasa ukatoweka.

"Keshakufa?"

"Hapa kashakufa."

"Na kule zahanati?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa anangoja neno moja aende zake. Lakini uongo wangu mmoja ulikuwa umeshamuua mkewe.

"Zile ni nakala, siwezi kuzifikia. Kule bado yupo."

Alilia kama mtu anayeungua. Akaiingilia seva, akaipiga na kuipiga, taa zikazimika moja moja, vipande vikaruka mpaka dirishani, mpaka spana ikamponyoka kwa jasho. Akakaa chini karibu na mlinzi, akajifunika uso kwa ile karatasi. Polisi walipofika aliwapa mikono yote miwili bila kuambiwa.

Ndipo Mkurugenzi akatoka chini ya meza akijipangusa magoti. Akamruka Waya, akaiokota karatasi, akaisoma.

"Kwa hiyo ni zahanati gani hiyo? Hao ndio wanaotuibia."

Nilimpiga teke la mdomo. Meno yake mawili yalitoka na sijawahi kujuta.

Waya alipoteza jicho la kushoto. Goti wameliunga kwa vyuma, daktari anasema atatembea, ila asitarajie kukimbia. Mama alifika hospitali jioni, kitenge kimekaa upande, akatukuta Waya kalala, mimi na mkono wa plasta nimekaa kando ya kitanda. Alitaka kujua kila kitu. Waya akamwambia, kwa mdomo uliovimba, kwamba yule bwana alikuwa anatafuta mtu wa kupiga, akamwangukia yeye, dada akaingia kati.

"Pale pale, mama. Pigo la kwanza tu, dada akaruka. Bila yeye mngekuwa mnanichimbia kaburi."

Mama akaushika mkono wangu wa plasta kwa mikono yake yote miwili. Akaubusu. Akaniambia Mungu anilipe, kwamba siku aliyonizaa alijua amepata mlinzi wa wenzangu. Waya alikuwa ananitazama kwa jicho lile moja, akinisihi ninyamaze. Na nilitaka kunyamaza, jamani. Nilitaka sana.

"La tatu, mama," nilisema. "Nyoka nilimwandika mimi, na nilisema baada ya pigo la tatu. La jicho."

Mama aliurudisha mkono wangu juu ya shuka, taratibu, akasimama, akazunguka kitanda akaenda kukaa upande wa pili.