Pakeji ya Spidi na Mama Mkwe

Masalu alikuwa na mpaka Jumatatu kuamua, na kwa mtu aliyechimba dhahabu Geita miaka kumi na miwili akiambulia vumbi, kuamua jambo tamu ni kazi ngumu kuliko kupiga nyundo. Mwezi uliopita duara lake, yaani shimo lake la mgodi, lilitema dhahabu. Likatema tena. Mwanamume akaoga, akanyoa ndevu, akaenda Shinyanga mjini kununua gari la spoti, jekundu, milango miwili.

Muuzaji aliitwa Nasibu, na alikuwa nayo mawili yaliyofanana kama mapacha. Moja la kawaida. La pili lilikuwa na kitu alichokiita pakeji ya spidi: turbo kubwa, ekzosi mbili, shokapu zilizolishusha gari mpaka likakaribia kulamba lami, breki za rangi ya njano, na kiti cha nyuma kimeng'olewa.

"Kimeng'olewa kwa nini?" Masalu akauliza.

"Uzito, bosi. Gari jepesi ndilo linalokimbia."

"Yaani nalipa zaidi ili nipate kiti pungufu?"

"Hulipii kiti. Unalipia spidi."

Ukitaka kujua Nasibu ni muuzaji wa namna gani, Masalu aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli! Na alijua fika kwamba bei ya hiyo pakeji ingenunua pampu mbili mpya za kutoa maji duarani. Usingizi ulikuwa haumjii kwa sababu hiyo. Nasibu, mjanja wa wajanja, akampa lile lenye pakeji akalijaribu Jumamosi na Jumapili. Naye akalijaribia wapi? Ukweni, Samuye, ambako njia ya kuingia nyumbani kwao ni ya ng'ombe.

Alifika saa nne asubuhi, tumbo la gari limekwaruzwa na kila tuta alilokutana nalo. Mkewe Mariana, aliyekuwa huko wiki nzima akimtunza mama yake, akatoka mbio. Gari hakulitazama hata kwa jicho la pembeni.

"Afadhali umekuja! Wamepiga simu kutoka hospitali ya Kolandoto. Wale madaktari wageni wa macho wanaondoka leo. Mama asipofika kabla ya saa sita nafasi anapewa mwingine, na hakuna anayejua watarudi lini."

Mama huyo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Huu mwaka wa pili alikuwa haoni ila ukungu na vivuli, na mboga anachambua kwa kupapasa. Bodaboda za kijiji kizima zilikuwa zimekwenda mnadani na mbuzi wa watu.

"Ingieni twende," Masalu akasema.

Mariana akachungulia ndani. "Tuingie wapi?"

Haya sasa! Viti viwili tu. Cha dereva, na kingine ubavuni pake, bega kwa bega. Na kwa Wasukuma, ndugu yangu, mama mkwe si mtu wa kukaa naye bega kwa bega. Hamshikani mkono. Hamli sahani moja. Mkikutana njiani unapisha, unachuchumaa, unasalimia huku unatazama majani. Tangu alipooa, Masalu alikuwa anamsalimia mama huyu akiwa ng'ambo ya pili ya zizi.

"Nifundishe kuendesha," Mariana akasema.

"Sasa hivi?"

"Basi sema wewe!"

"Akae nyuma, tumwekee kigoda."

"Kwenye hivyo vyuma? Mama yangu si mbuzi wa mnadani."

"Basi tutundike kanga katikati."

Wakatundika kanga. Ikafunika gia, ikafunika kioo, ikafunika na nusu ya usukani. Masalu akatafuta gia akashika pindo. Jasho lilimtoka. Alimchukia Nasibu, akalichukia gari, kisha akajichukia mwenyewe zaidi ya wote wawili. Mama wa watu abaki gizani kwa sababu kiti kilikuwa kizito!

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, amejifunga kitenge chake cha kanisani, fimbo mkononi.

"Mariana, yule dereva uliyemkodi amefika?"

Masalu akaachia pindo la kanga.

"Mimi si unajua sioni," akaendelea. "Naona kivuli tu, siwezi kujua cha nani. Kama ni dereva, aondoe hilo pazia lake tuondoke. Wewe utatufuata ukipata usafiri."

Mariana akaing'oa kanga mara moja. Akamketisha mama yake, akamfunga mkanda, akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka.

"Shikamoo, mama," Masalu akasema kwa sauti ya puani.

"Marahaba, dereva. Umeniweka shimoni?"

"Ndivyo viti vyake vilivyo."

"Haya. Mtu wa wapi wewe?"

"Wa... wa Buseresere."

"Mbali. Endesha taratibu."

Walipofika kwenye lami Masalu akakanyaga mafuta kidogo, na ekzosi zote mbili zikanguruma kwa kelele. Mama mkwe akashika dashibodi. "Yesu na Maria! Gari lako linaumwa?"

"Haliumwi, mama. Watu wanaulipia huo mlio."

"Wanaulipia?" Akatafakari mpaka wakavuka tuta, nalo gari likajikuna tumbo kwa uchungu. "Mkwe wangu naye nasikia anatafuta gari la kukimbia. Anachimba huko Geita. Mume wangu alipougua, yule mtu aliuza pampu yake ili tumtibu. Duara likajaa maji, mwaka mzima wa kazi ukazama. Hakumwambia mtu. Niliambiwa na wengine."

Masalu alitazama barabara. Alikuwa hajui kwamba mama huyu anajua.

"Siku ya mazishi alisimama zizini kutwa nzima, mvua inamnyeshea, kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumwambia wabeja. Sasa mkweo unamwambiaje asante, na hata kumkaribia huruhusiwi?" Akagonga fimbo sakafuni. "Wewe dereva, ukikutana naye huko kwenye magari yenu, mwambie."

"Nitamwambia," Masalu akasema, na sauti ya puani ikamtoroka katikati ya neno. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Una mafua, dereva?"

"Ndiyo, mama. Mafua."

Walifika Kolandoto saa sita kasoro dakika kumi. Muuguzi alikuwa na fomu, haraka zake ziko miguuni. "Nani anamsainia mgonjwa? Wewe ni nani yake?"

Masalu akapiga hatua nyuma. "Mimi dereva tu."

"Dereva hasaini. Nataka ndugu. Kama hakuna ndugu, namwita anayefuata."

Mama mkwe akainua uso kuelekea kwenye ile sauti ya muuguzi, wala hakugeuka upande mwingine wowote.

"Andika mwanangu," akasema. "Anaitwa Masalu."

Masalu akasaini. Jina likapanda mstari wa juu. Mama mkwe akashikwa mkono, akaingizwa ndani, na mlango ukafungwa. Kesho asubuhi bandeji ingetolewa, muuguzi alisema, na mgonjwa angeruhusiwa kurudi nyumbani.

Masalu akatoka nje akapiga simu yadi.

"Bosi!" Nasibu akafurahi. "Umelionaje?"

"Lile la kawaida, lenye kiti cha nyuma, bado lipo?"

"Lipo, lakini bosi, lile halina pakeji."

"Lioshe. Nakuja kubadilisha leo hii."

"Kwani pakeji imekukosea nini?"

"Haijanikosea," Masalu akasema. "Ila kesho mama mkwe atakuwa anaona."