Sauti Iliyobakia Mlimani

Jumanne moja ya mwaka 1995, saa nne asubuhi, betri ya Landrova ya mradi wa elimu iliisha katikati ya sentensi. Kipaza sauti kilikuwa kimefika "wazazi, mpelekeni mtoto wa kike shuleni, kwa sababu", kikakatika. Watu waliisukuma Landrova mchangani mpaka ikawaka, ikaondoka kurudi Newala. Sauti ilibaki, maana ilikuwa haijamaliza kusema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya watu wa Dar es Salaam. Ilipiga hodi kwa Dominika, mama mmoja wa pale kijijini, ikakaribishwa kivulini karibu na mtungi. Aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni ni mtu, kwa hiyo wakamwita Sauti kama jina lake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila huyu jembe angelishika kwa mkono upi? Wakamwacha afanye kazi aliyoijua.

Na aliijua, mtu asikudanganye. Alimfuata Mzee Halfani kwenye mikorosho yake, akamwamkia shikamoo, akamweleza taratibu kwa siku tatu. Mzee huyo hajapata kushindwa na mke wala mwenyekiti wa kijiji, lakini aliwatoa wajukuu wake wote wanne waende shule. Kufika mwezi wa tatu hakuna mtoto aliyebaki nyumbani. Dominika akawa anashuka bondeni peke yake kuteka maji, safari mbili badala ya moja, mgongo unamuuma, moyo unacheka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Alikuwa na hamu moja tu duniani, na ilimkaa kooni hata akila: binti yake Huruma afaulu la saba, aende sekondari.

Basi watoto mia moja na tisini walikaa sakafuni wakatazama ubao. Mwalimu hakuwapo. Wa mwisho, Mwalimu Cecil, aliondoka msimu uliopita, wanunuzi binafsi walipoingia na mizani zao, akaenda kuwapimia korosho. Hakuna aliyemlaumu, naye alikuwa na watoto.

Dominika akamwomba Sauti akamlete mwalimu. Aliyemweza Mzee Halfani atashindwa na nani? Sauti akaenda Newala, akaenda Masasi, akapita ofisi moja baada ya nyingine. Alirudi siku ya tisa akikwaruza, Dominika akamkorogea maji ya chumvi.

"Mama Huruma, wamenisikiliza vizuri sana," alisema. "Wameniambia fungu lililopo ni la kuhamasisha wazazi. La walimu halipo."

"Na wewe huwezi kuwafundisha, hata hesabu tu?"

"Ningejua, mama, ningekuwa nimeshaanza. Mimi najua kuwafanya watu waitake shule, basi."

Mwezi wa nane Landrova ilirudi. Wageni waliwahesabu watoto, wakawapiga picha, wakafurahi kwelikweli. Walimkuta Sauti, wakamsifu kwa kazi, wakasema abaki hapohapo kwa awamu ya pili. Mtu mmoja aliuliza habari za mwalimu, na hilo nalo likaandikwa.

Mtihani wa la saba ukaja. Huruma aliandika jina lake na la shule kwa mwandiko mzuri, akajibu maswali aliyoyakumbuka ya wakati wa Mwalimu Cecil, akarudisha karatasi mapema. Jioni hiyo Dominika alilia kidogo jikoni, akasonga ugali wa muhogo, wakala.

Kesho yake asubuhi Huruma alivaa sare akaenda tena, ingawa shule ilikuwa imemwishia. Wenzake walikuwa wamekaa kama kawaida, na Sauti yuko mbele, upande wa ubao.

"Dada Sauti," Huruma akamwambia, "hebu tuambie tena shule huwa ikoje."

Sauti akawaambia. Dominika, aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, aliitua chini ya dirisha, akakaa kusikiliza mpaka saa saba.