Samaki Mweupe wa Baba

Mtaalamu wa lishe alitueleza kila kitu kwa subira ambayo mimi sina. Baba ana mawe kwenye nyongo, na akila mafuta tu anajikunja kwa maumivu. Tangu tumzike Mama amekonda hadi mkanda ameutoboa matundu mapya, na daktari hatamfanyia upasuaji mpaka apate nguvu. Basi ale samaki mweupe wa bahari za baridi: ana protini tele ya kurudisha misuli, mafuta karibu hana kabisa, na tumbo halipati taabu kumsaga. Apikwe kwa mvuke. Baba aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora.

Tulipofika nyumbani akagoma.

Samaki mwenyewe anauzwa amegandishwa, upande wa pili wa mji, na mimi ndiye ninayemfuata nikitoka kazini. Kwanza Baba alisema hana ladha. Nikatia ndimu na tangawizi. Akasema ananuka. Nikabadilisha duka. Akasema jino linauma. Samaki laini vile, jino! Akawa anaishi kwa chai na mkate, na mimi damu inanichemka.

Jumapili uzalendo ukanishinda. Nilimwekea sahani kwenye meza yake ya kazi, maana ni fundi saa, nikamwambia asipokula hapasuliwi, na asipopasuliwa nitamzika na yeye, na kuzika nimechoka.

Akachukua uma, akapekua nyama polepole, akauweka chini.

"Ana miiba," akasema.

"Si uitoe, Baba? Wewe unashika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama."

"Sijui kuitoa. Mama yako ndiye alikuwa ananitolea."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kusonya. Mtu mzima na mvi zake, yuko tayari kufa njaa kuliko kumwomba binti yake amtolee miiba. Nikanawa mikono, nikaketi, nikaanza kuchambua huku nikiwasema wote wawili, yeye na marehemu aliyemdekeza.

Nikamsogezea sahani. Hakuigusa.

"Nini tena?"

"Alikuwa anaonja kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Kama kuna mwiba umebaki."

Nikamwambia asinizoee. Kisha nikaonja. Mwiba haukuwepo, na kusema kweli ladha pia haikuwepo. Nikamrudishia sahani, akamla samaki wote.